Sufuria ya Maji Kwenye Kiti cha Jaja

Kabla hatujaliona gari letu, tulilisikia. Lilikuwa likipanda kutoka barabara kuu kuja kwetu Wanyange, na kila lilipokanyaga jiwe au shimo, chini yake ilitoka sauti kavu, ko-ko, ko-ko, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba asiyokuwa na uhakika nayo. Mama aliisikia tangu mbali, akabandika chai, na maji yalipoanza kuimba Baba alikuwa anaingia uani. Nikikumbuka likizo ile ndefu ya kiangazi, sauti hiyo ndiyo inayotangulia, kisha hufuata harufu: mafenesi yaliyoiva kupita kiasi chini ya mti wetu, moshi wa mashamba ya miwa, na ziwa lililolala chini ya kilima likiwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Vumbi lilikuwa limetanda hewani hata jua lenyewe lilionekana kama limefunikwa chandarua. Nilikuwa darasa la nne. Nilikuwa pia mtoto wa wasiwasi, wa kulala kitandani na kuwaza kama mlango umefungwa, na kama umefungwa, itakuwaje moto ukitokea.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona magomesi, yale mavazi marefu ya akina mama wa kwetu yenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, na kibaraza chake kilikuwa mjini Jinja, mbele ya duka moja la zamani lililojengwa na Wahindi. Gari lilikuwa limepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kutufikia, na tulilipenda kama watu wanavyompenda mjomba mlevi. Mama yake Baba, ambaye sote tulimwita Jaja, aliishi peke yake kule Mbale, katika chumba kimoja cha Namatala, akiuza maandazi na samaki wakavu mlangoni pake. Kila msimu wa mvua maji ya mtaro yaliingia chumbani, na kila msimu wa mvua kifua chake kilizidi kubana. Mwaka uliotangulia alikohoa hadi majirani wakampigia Baba simu wakidhani ndiyo safari ya mwisho. Baba aliapa kwamba mvua za mwezi wa tatu hazitamkuta Jaja Namatala. Shida haikuwa Jaja kukataa kuja kwetu. Shida ilikuwa gari.

Nyonga ya Jaja ilivunjika zamani na kuunga vibaya, na mtikisiko wowote ulimchoma kama msumari. Mwanzoni mwa likizo tulikwenda kumchukua. Tulipofika Kamonkoli, kwenye yale matuta ya barabarani, chini ya gari kuligonga, nyuma kukaruka, na Jaja akashika mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Musa, simama," akamwambia Baba. Akashuka, akaketi kwenye ukingo wa barabara huku akijifuta jasho kwa lesu. "Gari lako lina mifupa mibovu kuliko yangu. Wagonjwa wawili hawabebani. Nirudishe." Baba alijaribu kumbembeleza, lakini Jaja alikuwa anatazama upande wa Mbale, kama tayari ameshafika. Tulimrudisha taratibu, na siku hiyo Baba hakufungua redio njia nzima hadi Jinja.

Mafundi wa gereji walimwambia Baba abadilishe kila kitu kilichoko chini. Fedha za kubadilisha kila kitu hatukuwa nazo, na hata za kukodi gari laini la mtu mwingine hatukuwa nazo. Baba akavaa koti lake kuukuu, akaegesha gari chini ya mfenesi, akalala chali vumbini. Jirani yetu Afande Opio, askari magereza kutoka kaskazini, mtu mrefu mwenye cheko la polepole, alituazima jeki na kusimama kutazama. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili kwa sababu Baba alilelewa Namatala. Afande alikisema kwa sababu ya kazi. Na Kiswahili chake kilitembea kwa mwendo wake. "Fundi ya nguo analala chini ya gari," akasema. "Sasa fundi ya gari atashona nini?" Baba akajibu kutoka chini kwamba anatafuta ugonjwa kwanza, dawa baadaye. Afande akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hiyo ni sawa. Usifunge kijiji nzima sababu ya mwizi moja."

Basi tukamtafuta mwizi. Baba alianza na vitu visivyogharimu chochote: macho, mikono na masikio. Alikandamiza kila pembe ya gari kwa uzito wake wote kisha akaachia. Gari lenye shokapu nzima, zile bomba za mafuta zinazolizuia kurukaruka, hushuka, hupanda, hutulia. Letu upande wa nyuma liliendelea kuitikia, juu, chini, juu, chini, kama mtu anayekubali kila anachoambiwa, na Baba alipochungulia alikuta shokapu zote mbili za nyuma zimelowa mafuta na kushika vumbi kama kitana chenye mafuta ya nywele. Kisha aliinua gurudumu la mbele kwa jeki, akaweka gogo pana chini ya fremu asije akafunikwa, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa, halafu kushoto na kulia. Halikucheza. Alifurahi sana kwa hilo, kwa sababu viungo vinavyolishika gurudumu vikilegea, linaweza kung'oka njiani. Mimi niliwekwa kwenye usukani. Nilikuwa nikiuzungusha kidogo huku na huku, naye chini ameweka kiganja juu ya chuma kimoja baada ya kingine. "Ukitaka kujua nani anaugua," alisema, "mwekee mkono anapougua." Mwishowe akapenyeza mtaimbo kando ya mkono ule wa chuma unaolishika gurudumu kwa chini, akausukuma, na bushi, kile kipande cha mpira kinachokaa ndani ya kijibomba cha chuma ili vyuma visigongane, kikafungua mdomo mpana. Kilikuwa kimechanika kama kandambili iliyovaliwa mvua nyingi. Ko-ko ikapata jina.

Siku zilizofuata ninazikumbuka kama siku moja ndefu yenye harufu ya sabuni ya mche. Shokapu Baba alizinunua kuukuu kwa wauza vipuri mjini, akichagua kwa kusimamisha kila moja na kuikandamiza: aliitaka ile inayoshuka kwa ukaidi na kurudi kwa ukaidi, siyo ile inayodondoka kama ndoo kisimani. Bushi alizinunua mpya, maana mpira uliozeeka haurudi ujana. Mashine ya kusukumia bushi hatukuwa nayo, kwa hiyo alitafuta bolti ndefu, washa nene, zile pete bapa za chuma, na kipande cha bomba la maji, akavipanga kama kitendawili. Alipokaza nati, bushi ya zamani ilisogea ikaingia bombani, taratibu, ikilia. Ile mpya ilipakwa sabuni ili iteleze. Kazi ya kupaka ilikuwa yangu. Baba alinikataza kutumia mafuta au grisi kwa kuwa hula mpira polepole bila mtu kujua, na mimi nililiwaza neno hilo usiku na mchana, vitu gani vingine vinaliwa polepole bila mtu kujua. Povu la sabuni lilikauka vidoleni mwangu. Chini ziwa liling'aa, mtumbwi mmoja ukiwa umesimama mahali pale pale kama umechorwa.

Kazi ilipokwisha Baba alitaka kujua kama gari limekuwa laini kiasi cha kumfaa Jaja, na hapo Mama, ambaye hadi wakati huo alikuwa akimwambia kwamba amelala chini ya gari zaidi kuliko alivyolala ndani ya nyumba, ndiye aliyepata akili. Alichukua sufuria, akaijaza maji hadi karibu na ukingo, akaniketisha kiti cha nyuma upande wa kushoto, mahali pa Jaja, na kuniwekea magotini. "Leo wewe ndiye mama mkwe wangu," akaniambia. "Ukilowa, nitajua Jaja angelia." Tukateremka hadi barabara kuu, tukapita matuta, tukaenda mpaka karibu na mji na kurudi. Maji yaliinuka upande mmoja, yakainuka upande mwingine, yakatulia. Sketi yangu ilipata matone tu, kama mtu aliyetembea kwenye umande. Baba alimpigia Jaja simu pale pale barabarani, akipiga kelele kana kwamba Mbale inasikia kwa mbali. Jaja alisikiliza hadithi nzima ya sufuria, akakohoa, akasema, "Sawa, Ijumaa njoo. Lakini sikiliza, Musa. Hii ni mara ya mwisho. Likinipiga tena nitashuka, na usinitumie mtu tena, wala gari, wala ndege. Nitabaki na mvua yangu."

Siku chache kabla ya Ijumaa hiyo tulikwenda sokoni. Nilikaa mahali pa Jaja, kwa mazoea. Tulipokuwa tunarudi, tukishuka tuta moja karibu na mashamba ya miwa, nikasikia kitu. Haikuwa ko-ko. Ilikuwa nyembamba, nyii, kisha kama ulimi unaogusa kaakaa. Mama alikuwa anazungumzia bei ya nyanya. Baba alikuwa anaitikia. Nikasubiri tuta jingine. Nyii. Nikaanza kuwaza. Nikisema na kumbe si kitu, safari itaahirishwa, Jaja atasema wanawe ni waongo, mvua itafika. Nisiposema na kumbe ni kitu, litamgonga Kamonkoli, atashuka, na hatapanda tena, na nani atakuwa amejua? Mimi. Miti na miwa ilikuwa inapita dirishani, na mimi nilikuwa nahukumu kesi kichwani, nikiwa shahidi na mshtakiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimezaliwa nimeshaumwa. Hatimaye nikasema, "Baba, linalia."

"Mtoto huyu husikia hata chumvi ikiyeyuka," Mama akasema. Baba hakucheka. Hakuniuliza kama nina hakika, swali ambalo lingeniangusha. Aliuliza, "Upande gani?" Nikasema mbele, kulia. Akaegesha kando ya miwa na kuzima injini. Majani ya miwa yalikuwa yanasuguana kama watu wanaokunja karatasi. Baba akashuka, akakandamiza pembe ya mbele kulia, akaachia, akakandamiza tena, sikio limeinama. Mara ya tatu gari likasema lenyewe. Nyii.

Tulipofika nyumbani aliita Afande na jeki yake, gurudumu likaning'inia, na bushi tuliyoiweka kwa sabuni juzi juzi tu ilikuwa imeanza kuchanika ukingoni. Baba aliketi chini na kuitazama muda mrefu. Kwanza alimlaumu muuza vipuri kwamba alimpa bandia. Lakini Afande alipoanza kulishusha gari polepole, Baba akanyoosha mkono kumzuia, kisha akamwashiria aendelee kidogo, kidogo tena. Mkono wa chuma ulikuwa unapanda kadiri gari lilivyoshuka, na ule mpira, uliokazwa kwa bolti pande zote, haukuweza kuzunguka nao. Ulijisokota kama nguo inayokamuliwa. Sisi tulikuwa tumekaza kila bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Tangu lilipoteremshwa, bushi ilikuwa inaishi imesokotwa.

Baba akajipiga paji la uso. "Astaghfirullahi! Nimekata pindo la gomesi kwenye henga!" Afande hakuelewa, ikabidi aelezwe. Pale kibarazani, hakuna mteja aliyewahi kuwekewa alama ya pindo nguo ikiwa imetundikwa. Baba humvalisha, humfunga mshipi, humwambia avae viatu vile vile atakavyovaa siku ya harusi, asimame anavyosimama kawaida, asijibane, ndipo hupiga magoti na chaki. Nguo inayoning'inia ni mwongo, ndivyo alivyokuwa akiwaambia wanafunzi wake wote. Haina mwili ndani, itakuambia urefu wowote. "Na mimi mwenyewe," alisema akicheka mpaka machozi, "ndiye niliyelipima gari likiwa halina mwili." Afande akafikiri kwa makini, kama mtu anayepokea amri. "Basi," akasema, "gari ivae kwanza, ndio ukate."

Na ndivyo ilivyofanywa. Bushi nyingine ilitafutwa, ikapakwa sabuni, ikaingizwa, na safari hii bolti zote zikaachwa zimelegea. Magurudumu ya mbele yalipandishwa juu ya mbao nene na pana ili Baba apate nafasi ya kuingia, ya nyuma yakazuiwa kwa mawe, kisha tukaambiwa tuingie garini wote, kama siku ya safari. Afande alikaa kwenye usukani na kukanyaga breki kana kwamba anazuia nchi nzima isiteleze. Mama alikaa mbele na mkoba wake mapajani. Mimi nilikaa nyuma, na mahali pa Jaja tukaweka gunia la mahindi, tukalisimamisha vizuri. "Jaja leo amenyamaza," Mama akasema. "Hata kunilaumu kuhusu chumvi ya mchuzi hakunilaumu." Tukacheka, halafu tukakoma, kwa sababu Baba alisema tusitikisike. Hiyo ndiyo picha ninayorudia nikikosa usingizi. Gari limesimama chini ya mfenesi, milango imefungwa, sote tumetazama mbele ambako ziwa na anga vilikuwa vimeungana bila mshono, na chini yetu spana inasema tiki, tiki, tiki. Tulikuwa tumekaa kama abiria wa safari isiyohitaji barabara. Niliona jinsi shingo ya Afande ilivyotulia, jinsi Mama alivyokuwa amefumba macho, na kwa mara ya kwanza kichwa changu hakikuwa kinatengeneza jambo baya linalofuata.

Ijumaa tulifika Namatala baada ya swala. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni kushuhudia, wengine wakiwa bado na kanzu, na mmoja aliuliza kama gari limekuja kufunga ndoa. Jaja alitoka na mkongojo wake na birika lake, akalizunguka gari, akaligonga tairi kama mtu anayechagua tikiti. Hakuingia. "Mke mwenzangu," akaniambia, kwa utani wake wa siku zote, "kaa wewe kwanza nikuone." Nikakaa. Alinitazama usoni, hakulitazama gari. Nilijaribu kuwa na uso wa mtu asiye na wasiwasi, kazi ambayo sijawahi kuiweza. Akaguna, akasema mtoto akiogopa bado anapanda, basi naye atapanda.

Kamonkoli ilikuja haraka kuliko nilivyotaka. Baba alipunguza mwendo hadi akapitwa na baiskeli. Tuta la kwanza: gari likashuka, likapanda, likatulia. La pili vivyo hivyo. Jaja alikuwa ameshika mkono wangu, na vidole vyake vikaanza kulegea kimoja kimoja. Tulipita mabonde ya mpunga, akina mama walikuwa wameanika mpunga kwenye maturubai kando ya lami, na mwanga wa alasiri uliingia dirishani ukiwa na rangi ya samli. Kichwa chake kikaegemea bega langu. Akafumba macho. Nikaanza kuogopa upya: je, amelala, au? Nikaukodolea macho ukingo wa mtandio wake, nikitafuta pumzi. Baba alinong'ona, "Amelala?" Nikanong'ona, "Sijui." Tulikuwa tumeipita Tirinyi zamani. Jaja, bila kufumbua macho, akasema kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa, "Na nyinyi, mbona hatuondoki?" Baba alicheka hadi ikabidi aegeshe ajifute macho.

Mvua zilikuja mwezi wa tatu kama kawaida yake. Alasiri moja simu ilipigwa kutoka Namatala kwamba maji yameingia chumbani hadi usawa wa godoro. Jaja alikuwa ameketi dirishani kwetu Wanyange akichagua maharage kwenye ungo, mabati yakinguruma juu yake. "Alhamdulillahi," alisema, "kitanda kile kilikuwa na kunguni." Akaendelea kuchagua. Mwaka ule hakukohoa. Aliishi nasi hadi nilipokuwa sekondari, akimlaumu Mama kuhusu chumvi mchana na kumsifu kwa majirani jioni.

Sasa nina shahada, na kazi ya mkataba mfupi Mbale, na chumba cha kupanga kisicho mbali na mtaa ule. Nina simu ambayo nikiiuliza kuhusu sauti yoyote ya gari, au maumivu yoyote ya kifua, au ukimya wowote wa mwajiri, itanipa sababu nyingi kuliko ninazoweza kubeba. Wakati ule tulikuwa na jeki ya kuazima na sabuni ya kufulia, na tulijua nani anaumia na wapi. Leo najua majina ya maradhi yote na sijui pa kuweka mkono. Sidhani kwamba zamani ilikuwa bora. Zamani ndiyo iliyokuwa inamtilia Jaja maji kitandani. Lakini wasiwasi wangu ulikuwa na kazi nyumbani kwetu. Nilikuwa nikisema nasikia, mtu mzima alikuwa akiuliza upande gani. Watu wazima wa sasa, nikiwemo mimi, tukisikia kitu huwa tunajiambia kimepita. Mficha maradhi kilio humuumbua, nasi tunaficha hata yasiyo yetu.

Ijumaa iliyopita mwenzangu wa kazini alinipa lifti kwenda Jinja. Gari lake ni jipya kuliko lolote tulilowahi kuwa nalo, na bado, kwenye matuta ya Kamonkoli, nilisikia kitu upande wa nyuma. Nikasitasita kidogo, kama kawaida yangu, kisha nikamwambia. Akacheka, "Wewe naye, unasikiaga mambo!" akaongeza sauti ya redio. Tukapita tuta la pili. Nikamwambia tena, nikamwambia na upande. Alinigeukia kuona kama natania. Kisha, kwa kuwa sikuwa nacheka, alizima redio.